Tunaomba Turudishiwe Vita Vyetu

Bondeni Ndundu, Rufiji
Mei, 1947

Kwa Bwana Mwenyekiti,
Kamati ya Amani na Huruma

Bwana Mwenyekiti Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa adabu zote, nikitumaini u mzima na viatu vyako ni vikavu, maana huku kwenye tope hujafika bado. Mimi ni Zaidi bin Shaban, niliyekuwa askari wa Keya. Skuli nilimaliza darasa la tatu, la nne nikalisikiliza dirishani. Vita navijua. Kule Burma niliangusha eropleni kwa kifuniko cha sufuria: nilikiinua juani tu, rubani akapofuka, akaenda kugonga mlima. Shahidi wangu amekufa, lakini mlima upo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama yetu, Bi Mwantumu, alifariki mwezi uliopita, na watani wetu wa ng'ambo ya mto wakavuka kuja kutuzikia. Mtani, kama hukuambiwa huko ofisini, ndiye mwenye haki ya kututukana msibani, kukamata kuku wetu bila kuuliza, na kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Wafiwa wakicheka, matanga yameondoka, watu wanarudi shambani. Basi Kijakazi, mkubwa wa watani, akajifunga kanga ya mama, akalikalia jeneza lililokuwa tupu bado, akatangaza kwamba mmoja wameshammaliza na leo wanamaliza ukoo mzima, hawabakizi hata jogoo. Hapo akapita kijana wako wa Kamati, yule wa soksi ndefu, akitoka Kibiti. Kiswahili anakijua. Maneno aliyaelewa yote, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Jioni askari wakaja, watani wakarudishwa kwao, kivuko kikafungwa, ati tusichinjane.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Askari wako wameagizwa wasimame katikati ya pande mbili zinazopigana. Wenzetu wako ng'ambo, kwa hiyo katikati ni mtoni, na mtoni kuna mamba. Wamehamia uani kwangu. Wananilinda dhidi ya Kijakazi, mwanamke mwenye goti bovu. Koplo wao anakula kuku walewale ambao mtani angewakamata. Tofauti ni kwamba mtani angetuchekesha.

2. Ililetwa eropleni kuchungulia vita. Madungu yetu, yale yenye miguu mirefu tunamokaa kuwafukuza kwelea wasimalize mpunga, yameitwa minara ya kivita. Kombeo zetu zimekusanywa kama silaha. Mzee Huseni akamwambia Koplo, basi mimi niko vitani tangu enzi ya Mdachi, na kwelea bado wananishinda. Tangu siku hiyo askari wanampigia saluti kama jemadari. Ninapinga. Jemadari wa hapa ni mimi.

3. Kisha ikaja huruma, lori zima: unga wa njano, mablanketi na bendeji. Tukasema hatuna njaa, mpunga tunao. Msimamizi akasema lori haliwezi kurudi na mzigo, na mzigo ni wa majeruhi peke yao. Huseni alikuwa na jipu shingoni. Akafungwa bendeji kichwa chote, sasa tunamnywesha uji kwa mrija wa jani la mpapai. Sisi tuliokaa mkekani kuomboleza tumeitwa wakimbizi. Mimi ni mkimbizi barazani kwangu.

4. Bachubhai, mwenye duka Kibiti, alituletea sukari ya kahawa ya msiba na majembe mawili ya kuchimbia kaburi. Amezuiwa njiani kwa kosa la kupeleka zana vitani. Kahawa tumeinywa chungu, kaburi tumechimba kwa jembe bovu, na wote waliolinda usalama walikuwa wamekaa wanatutazama.

5. Hili ndilo linaloniuma. Dada yangu Biasha ndiye aliyemuuguza mama. Tangu tumezika hajainuka mkekani. Hasemi. Uji tunaompelekea unarudi umeganda utando juu. Nimejaribu kumchekesha mwenyewe, nimempa mpaka habari ya mamba niliyemtia lijamu, akageukia ukutani. Sisi wa damu moja hatuwezi kazi hiyo. Anayeiweza ni Kijakazi, na Kijakazi amezuiwa ng'ambo kwa usalama wetu. Dada yangu anakwisha, Bwana Mwenyekiti, huku analindwa.

6. Koplo anasema hawezi kuondoka mpaka pande zote mbili ziache vita. Tukasema tumeacha. Akasema hatuwezi kuacha vita ambavyo hatujavianza. Kwa hiyo naomba rasmi tupewe vita vidogo, vya asubuhi moja tu. Nitavisimamia mimi. Vikiisha kabla ya adhuhuri, wewe upate amani yako ya kujisifia, sisi tupate kivuko. Kama hutaki, basi njoo mwenyewe. Jifunge kanga ya mama yetu, kohoa kama yeye, tutukane mpaka Biasha acheke. Ukishindwa, tuachie watani wetu.

Nifikishie salamu kwa wanakamati wote na wake zao, kwa kijana wa soksi ndefu, na kwa yeyote hapo ofisini aliyewahi kufiwa.

Ni mimi mtiifu wako, niliyechoka kuokolewa,

Zaidi bin Shaban

Baada ya kuandika: Kabla sijafunga bahasha, watani wameingia. Wamevuka kwa mitumbwi askari wakiwa kwenye chakula. Kijakazi hakumwigiza mama hata kidogo. Ameniigiza mimi ninavyoandika barua hii, ulimi nje, jasho puani, nikijisomea kwa sauti na kujipongeza. Wametwaa kitanda changu na suruali niliyokuwa nimeianika, na wanadai nijikomboe kwa kuwachezea ngoma mbele ya wakwe zangu. Biasha amecheka mpaka akashika ukuta. Ameinuka, amekula wali sahani nzima, na sasa ndiye anayewaonyesha hema la Koplo nilimojificha. Kwa hiyo puuza yote ya hapo juu. Tafadhali ongeza askari.