Yah: Kupangiwa Pambano la Roboti na Mama Mkwe

Kolandoto,
Shinyanga.
16 Juni 2025

Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Roboti Ndogo za Mapambano,
Shinyanga.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu, na kupitia kwako nawasalimu wajumbe wote wa kamati, pamoja na fundi aliyerudisha umeme ukumbini mara mbili siku ya Jumamosi.

Naandika kuhusu nusu fainali iliyofanyika Ibadakuli tarehe 14 Juni, saa tisa na dakika ishirini alasiri, kati ya roboti yangu, Ukurasa wa Kwanza, na roboti iitwayo Karasha. Mshindi alipata nafasi ya kwenda fainali ya Geita tarehe 28. Nafasi hiyo niliifanyia kazi miezi minane. Aliyeipata ni mama mkwe wangu. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa kwetu mtu hatamki jina la mkwe. Mnalo kwenye fomu.

Ukurasa wa Kwanza ni kabari ya chuma yenye magurudumu manne, uzito kilo moja na gramu mia nne na tisini. Kazi yake ni kuingia chini ya mpinzani na kumpindua. Karasha ina ngoma ya chuma inayozunguka kwa mbele, yenye meno mawili. Mama mkwe mwenyewe ni fundi wa mashine za kusagia mawe ya dhahabu Bugarama, mwaka wa kumi na tisa sasa, na siku ya ukaguzi hakuna mjumbe aliyeelewa kilichomo ndani ya ngoma ile. Walitia saini tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tulikuwa tumebaki wanne. Kamati ilichomoa vikaratasi kutoka kwenye kofia bila kuuliza nani amemuoa mtoto wa nani. Nilipinga palepale. Mwamuzi, Bwana Muhidini, alinijibu kwamba kanuni haina mkwe. Nimezisoma kanuni zote kurasa sita. Ni kweli haina. Ndiyo maana naandika.

2. Kanuni ya nne inawataka madereva washikane mikono. Kwetu mkwe na mkwilima, yaani aliyeoa, hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Nilisogea kando, nikainama, nikaamkia shikamoo nikitazama sakafu. Alinijibu, "Marahaba, baba," akitazama ukuta. Filimbi ililia nikiwa bado nimeinama. Nilipoinuka, gurudumu langu la nyuma kushoto lilikuwa limeshang'oka na liko upande wa watazamaji.

3. Madereva husimama wakielekeana, uwanja ukiwa katikati. Uwanja una upana wa mita mbili na nusu, na kuta zake ni plastiki inayoonyesha kila kitu. Ili nisimwone mkwe ilinibidi niendeshe nikiwa nimegeuka ubavu, jicho moja limefumbwa. Picha ipo, niliipiga marufuku isitoke katika gazeti ninaloandikia, ikatoka kwingine.

4. Hili ndilo kubwa. Mtu akikutana na mkwe wake njiani, humpisha. Nimefanya hivyo miaka kumi na minne bila kufikiri. Karasha ilipokuja moja kwa moja, kidole gumba changu kilifanya kilichofundishwa. Kiliivuta rimoti nyuma na kushoto, Ukurasa wa Kwanza ukapisha kwa adabu, na mkwe akapita. Nyuma na kushoto ndiko liliko lile tundu la kona ambalo wachimbaji wanaliita duara, kama shimo la machimboni. Roboti ikiingia humo haitoki, na pambano limekwisha. Dakika moja na sekunde hamsini na mbili.

5. Mama mkwe alinionya. Lakini kwa kuwa hawezi kunisemesha moja kwa moja, alimwambia Bwana Muhidini: "Mwambieni huyo, kuna duara nyuma yake." Bwana Muhidini alimaliza kwanza kuandika alama, kisha akanifikishia ujumbe. Nilikuwa nimeshaingia. Mwamuzi anayepokea ujumbe wa wakwe na kuukalia hafai.

6. Mke wangu, Eunice, alikuwa ukumbini na vuvuzela. Nilipomweleza nyumbani kwamba nimeponzwa na heshima, aliuliza, "Kwa hiyo ulitaka mama ndiye akupishe?" Jumapili mchana mama yake alileta kuku mzima aliyepikwa. Kwa mila, kuku huyo ni wa mkwilima peke yake. Nilimmaliza, sikatai, lakini naomba kamati itambue kwamba mtu hapelekewi kuku bure.

7. Nililazimika kuiandika habari hiyo mwenyewe, kwa kuwa mwakilishi wa gazeti Shinyanga ni mimi. Niliagizwa maneno mia mbili. Nimeandika mia mbili.

Kwa hiyo naomba pambano lifutwe, na kuanzia sasa kila mshiriki alete ukoo wake hadi kizazi cha tatu, uthibitishwe na mtendaji wa kata, ili wakwe wasikutanishwe tena.

Kwa kuwa sipendi kuomba jambo bila kulichunguza, Jumapili jioni niliwapigia simu washiriki wote, tukiwa kumi na wawili, isipokuwa mkwe. Matokeo ni haya. Herman, aliyekuwa kwenye nusu fainali nyingine, dada yake ameolewa na mdogo wangu. Huyo Herman ni mkwe wa wengine watatu, na hao watatu wameoa nyumba moja. Waliobaki nao wameoana hivyo hivyo. Tukifuata ombi langu ipasavyo, mtu pekee anayeruhusiwa kupigana mkoa mzima ni Davis, aliyehamia kutoka Moshi mwezi Machi na hajaoa. Davis atakosa mpinzani, hivyo atakwenda Geita kwa kusimama tu. Naomba pia hilo lizuiwe. Anaonekana mara nyingi dukani kwa Bwana Muhidini, na haendi kununua vipuri, anakwenda kwa binti, Shadya. Kabla ya Desemba naye atakuwa mkwe wa mwamuzi.

Kwa hali hiyo, mashindano yafutwe yote, au wachezaji waletwe kutoka mkoa ambao hatujaoa. Nautafuta.

Wasalimie wote hapo ofisini, na Bwana Muhidini umsalimie, ila kwa kuchelewa kidogo.

Wako katika ujenzi wa taifa na ukarabati wa gurudumu,

Ngusa Masalu

N.B. 18 Juni. Barua hii ilichelewa kutumwa kwa sababu Eunice ndiye aliyepeleka kuichapisha, akaipitisha kwa mama yake. Mama mkwe aliisoma yote na kutuma jibu: "Mwambieni tutaweka pazia." Jana saa kumi alasiri tulirudia pambano, Ibadakuli, mbele ya Bwana Muhidini. Shuka lilining'inizwa juu ya uwanja, tukaona roboti bila kuonana sisi. Mikono haikushikwa. Salamu zilitolewa nyumbani asubuhi. Duara lilizibwa kwa ubao. Sikumpisha hata mara moja.

Nimeshindwa ndani ya sekunde thelathini na moja. Maana yake Jumamosi heshima ilinisaidia kwa dakika moja na sekunde ishirini na moja. Malalamiko yote nayafuta, isipokuwa la picha.

Mama mkwe ameagiza pia niende Geita kumbebea betri. Anasema msaidizi husimama nyuma ya dereva, na aliye nyuma hatazami uso wa mtu. Fomu ya kitambulisho cha msaidizi naiambatisha. Pale panapotakiwa jina la dereva nimepaacha wazi. Mnalo.