Farasi Sitini na Wanne Hawajulikani Walipo

Voi, Alhamisi

Kwa Mjomba Thadeus,

KUH: OMBI LA KWENDA SHULENI KWA BASI

Pokea salamu zangu kutoka chumba cha nyuma. Nimeandika kwa sababu nikisimama kusema mezani nitasahau hesabu. Jumatatu umepanga kunirudisha shuleni Mghange kwa gari lako. Nashukuru sana, ila sayansi imekataa.

1. Kitabu cha gari kinadai lina nguvu za farasi sabini na watano. Jumamosi, kwenye barabara tambarare ya kwenda Mwatate, lilichukua sekunde kumi na tisa kutoka kusimama hadi kufikia kilomita sitini kwa saa. Nikaingiza uzito na mwendo, nikapata farasi kumi na mmoja. Waliobaki hawajulikani walipo. Serikalini wangeitwa farasi hewa, na nyasi zao zingeendelea kununuliwa.

2. Ulipotoa gia tukiwa kwenye sitini, mwendo ulianguka hadi hamsini kwa sekunde tano tu. Upepo unalizuia. Nashuku vile vipaza sauti viwili vya kazi yako ya matangazo, vinavyokaa juu ya paa na kumeza upepo wote wa Voi. Muhula uliopita vilifanya shule nzima ijue tumefika.

3. Hesabu hutegemea uzito wa abiria. Wewe ulisema sabini. Anti Tryphena alisema, "Andika sitini, na usinitazame hivyo." Niliandika bila kumtazama.

4. Kwa hivyo, kwenye mlima wa kupanda Mghange itabidi Anti ashuke. Isipotosha, ushuke wewe. Nikibaki peke yangu gari litapanda vizuri, ila sijui kuendesha. Basi la abiria tayari lina dereva.

5. Ukikataa, naomba iundwe kamati ya kuwatafuta farasi. Mwenyekiti awe Noah. Ana miaka sita, lakini ndiye pekee hapa nyumbani ambaye hajawahi kulisifu gari hilo.

Wasalimie Anti, Noah na wote walioko sebuleni.

Mpwa wako mtiifu,
Wakesho, Kidato cha Tatu

Baada ya kuandika: Anti ameisoma barua hii kabla yako. Amefuta sitini na kuandika tisini na nane kwa penseli. Tena nimeangalia ramani ya Jiografia: barabara niliyoiita tambarare inapanda njia yote hadi Mwatate, na tulipima tukienda tu. Farasi wengi wamerudi. Gari halina hatia, na Jumatatu nitakuja nawe. Ila nakuomba, Mjomba, tukifika getini usitangaze tena kwa vipaza sauti kwamba Wakesho amefika na ana A ya Hisabati. Hasa baada ya hesabu hizi.