Ngano Yangu Imewahi Kukomaa

Jumatatu, 3 Juni
Ushindi! Ngano yangu imeanza kukomaa. Kipande chote cha karibu na lango kimekuwa cheupe, na ya shemeji, ng'ambo ya ua, bado kijani kama mboga. Ushirika unatafuta shamba la kupokea wageni Siku ya Wakulima. Shamba hilo litasimikiwa kibao chenye jina la mwenyewe, herufi kubwa. Nimekwenda hadi kwenye ua kumuuliza shemeji kama ya kwake bado inanyonya. Kanipa hongera, kisha akauliza mbona yangu nyeupe na si ya dhahabu. Wivu huo! Kaka wa mke wangu, lakini wivu ni wivu.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda ofisi ya ushirika kujitangaza kabla hajajitangaza mwingine. Karani akauliza nimetumia mbinu gani. Nikasema ni za kifamilia. Mama Mwenyekiti atakuja keshokutwa na afisa kilimo. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Mke wangu akachuma suke moja, akalifikicha viganjani, akapuliza. Makapi yakaruka. Hakikubaki kitu. Akasema, “Baba watoto, hii haina punje.” Nikamwambia amepuliza kwa nguvu mno.

Jumatano, 5 Juni
Usiku wa kuamkia leo nimefikicha masuke kwa taa mpaka viganja vikawasha. Matupu. Nikashuku ndege. Lakini ndege gani anakula punje na kuacha ganda limefungwa vizuri hivyo? Nikavuta shina. Likang'oka lenyewe, kama limechomekwa kwenye uji. Mizizi myeusi ti, mifupi, imeoza. Nikaiosha kwa sabuni. Bado myeusi.

Mke wangu kashauri nimpigie afisa simu, niseme ukweli. Ukweli! Na kibao je?

Nikapata mpango bora. Alfajiri nimepenya ua, nikang'oa ngano ya shemeji pamoja na udongo wake, nikaipanda mstari mzuri pale langoni kwangu. Safari ya mwisho nikamkuta shemeji amesimama mbele yangu. Mimi nimepiga magoti, mikono ardhini. Akauliza natafuta nini. Nikasema kuku. Maskini, akaanza kunisaidia kumtafuta! Tumezunguka vichakani asubuhi nzima, yeye akiita “kuu, kuu, kuu” kwa moyo safi. Sifugi kuku.

Alhamisi, 6 Juni
Sitaki kuandika. Naandika.

Walikuja: Mama Mwenyekiti, wanachama, na afisa kilimo, binti mwembamba mwenye buti kubwa. Shemeji naye akaja. Nikawapeleka moja kwa moja kwenye mstari wangu. Afisa akang'oa shina, akaona mizizi myeupe, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilikwisha kuona jina langu kwenye kibao! Mama Mwenyekiti ndiye aliyeuliza mbona majani yamelala. Nikasema ngano hii ina haya mbele ya wageni.

Afisa hakucheka. Akaingia kwenye weupe, akavuta shina, akatuonyesha ule weusi. Akaeleza kwamba ni kuvu. Hukaa ardhini kwenye mizizi ya zamani, ukipanda tena huvamia mizizi mipya na kuiozesha. Maji hayapandi, suke linakauka kabla ya kujaza punje.

“Msimu uliopita ulipanda nini, mzee?”
“Ngano.”
“Na kabla yake?”
“Ngano.”
“Na kabla ya hapo?”
Nikaangalia mawingu.

Shemeji alipoulizwa akasema msimu uliopita yeye alipanda maharage, na kabla yake alizeti. Udongo ni ule ule, umegawanywa na ua tu. Afisa akageukia mstari wa langoni, akashangaa hii yenye afya imetoka wapi. Shemeji akautazama ule mstari. Akatazama pengo kwenye shamba lake. Akanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze, kuvu na yote.

Akasema taratibu, “Shemeji, yule kuku alipatikana?”

Basi. Wageni walipoondoka nilibaki peke yangu katikati ya ile nyeupe. Nilifikicha suke baada ya suke. Karibu nusu ya shamba haina chakula. Mke wangu akaja, akasimama kando yangu, hakusema “nilikwambia.” Ningependa angesema.

Jumamosi, 8 Juni
Kibao kimekwenda kwa shemeji. Hilo nilitarajia. Sikutarajia aje kuniomba nimsaidie kuchimba shimo la nguzo. Eti mimi nina mkono mzuri wa jembe. Nimechimba. Shimo fupi kidogo.

Jumapili, 9 Juni
Upepo. Kibao kimeanguka, kikavunja ua. Upande wangu. Nimeushona mwenyewe mpaka jioni, shemeji akinishikia waya na kunishukuru.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeamka mtu mpya! Mke wangu anataka tupande maharage misimu miwili, na kung'oa kila ngano itakayojiotea, ili kuvu ife njaa. Maharage! Nifuate nyayo za shemeji kama mkia? Nimekwenda ushirika mapema, nimeagiza mbegu ya shayiri. Ugonjwa ni wa ngano, mimi napanda shayiri. Hakuna aliyewahi kufikiria hivyo! Shemeji atabaki mdomo wazi.

Mke wangu kasema ngano na shayiri ni ndugu, kinachomla mmoja humla na mwenzake. Eti afisa alilisema hilo Alhamisi, nikiwa natazama mawingu. Nimemjibu kwa upole kwamba udugu si hoja. Mimi na kaka yangu ni ndugu wa tumbo moja, na yeye ana upara.

Kaniangalia kichwani muda mrefu. Nimemwambia kofia hii naivaa kwa ajili ya jua.