Fomu Irudi Ilivyokuwa

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi, waheshimiwa wajumbe wa kamati kuu, wajumbe wa kamati ndogo inayoisimamia kamati kuu, wakuu wa idara, makaimu wao na makaimu wa makaimu, wastaafu watarajiwa mlioketi kule nyuma penye viti visivyo na migongo, itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajue amesahauliwa kwa utaratibu. (Makofi.)

Mimi mkurugenzi wenu niliingia jengo hili nimeshika ufagio, nikajisomesha ngazi kwa ngazi, kwa hiyo mtu asinifundishe kazi, ingawa mke wangu husema ofisi ilikuwa safi zaidi enzi zile. (Kicheko. Mwenyekiti hacheki.)

Ndugu wadau, fomu ya kustaafu kwenye kompyuta ina kurasa kumi na nne, kila ukurasa dakika mbili, na umeme hukatika kila baada ya dakika ishirini na sita. Nimepiga hesabu mwenyewe, unamkuta mtu kabakiza ukurasa mmoja. Mama mkunga yule pale, aliyewapokea duniani nusu ya mliomo humu, amejaza mara saba, na leo saa tisa ndiyo mwisho wa kupokea fomu. Akikosa, ni mwaka mwingine kazini na magoti yale. Aliniambia kwa upole ulioniuma: “Mwanangu, mara saba nimeandika jina la mama yangu, na mara saba mashine imesema sina mama.”

Ndipo nikabuni Mkakati. Fomu ndani ya kompyuta ni kitu chenye hali yake: majina, tarehe, ukurasa uliofikiwa. Hali hiyo inakiliwe, itiwe kwenye bahasha ambayo haifunguliwi na yeyote ila fomu yenyewe, na umeme ukirudi, fomu ifungue bahasha yake iwe kama ilivyokuwa. Tulifanya vikao arobaini na kimoja kuhusu rangi ya bahasha. (Makofi ya kamati ya rangi.)

Katika kikao cha arobaini na mbili, fundi wa programu, dada mmoja asiyejua kunyamaza, aliutazama mchoro niliousaini akasema: “Mzee, humu bahashani hamna nakala. Kuna kikaratasi kinachosema fomu iko mezani. Umeme ukikatika meza inafutwa, na bahasha itakurudishia meza tupu.” Nilimjibu kwamba mchoro umepita ngazi sita za idhini, kwa hiyo ni sahihi, nikamhamishia stoo. (Minong'ono.) Nilimwelewa siku ya tatu, nikinyoa ndevu, lakini uhamisho wake nilikuwa nimeshausifia mbele ya bodi.

Kitakwimu, utekelezaji umefikia asilimia tisini na nne: vikao, mabango, fulana na hotuba hii. Nikisema Hifadhi, mseme Rejesha. Hifadhi! (Rejesha.) Hifadhi! (Mama mkunga: “Saa nane na nusu.”)

Namshukuru mshona fulana, mchora mabango, na fundi wa programu, ambaye tangu nimhamishe hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa mfumo huu tunaouzindua. Hicho kilichofunikwa kitambaa hapo mezani ni boksi tupu. Karani wa dirisha la fomu, acha kupiga makofi, rudi dirishani, na leo karatasi inapokelewa. Mama, sogea, fomu ya karatasi niliyoipiga marufuku ninayo hapa, chini ya hotuba. Wewe sema, mimi naandika. Kurasa kumi na nne ni dakika ishirini na nane, zinatubaki mbili za kukimbilia dirishani. Asanteni. Jina la mama yako?