Mkwe Mwenye Mashine ya Presha

Jumatatu, 4 Agosti 2025, Migori

...na ndiyo maana nasema hakuna mwanamume anayependeza ndani ya koti jeupe kama Wesley wangu. Hakuna! Tumeoana mwezi wa sita na bado akiingia mlangoni nasahau sufuria motoni. Ugali umeungua tena. Ameula wote akitabasamu. Mume huyo!

Sasa muuguzi wangu anajiandaa kwa kambi yake ya kwanza ya matibabu ya bure. Mkuu wao, Bwana Obare, hajachagua mahali. Nimemfuata ofisini. Nimemwambia kwetu Magunga kuna ukumbi wa kanisa, tangi la maji na kina mama watakaopika. Akauliza kama kina mama hao wana habari. Nikasema wanayo. (Wataipata kesho.)

Sababu ni Mama. Ana kizunguzungu tangu Pasaka. Juzi alianguka karibu na zizi la mbuzi, akamwambia jirani alikuwa anatafuta yai. Hospitali hataki kabisa. Basi hospitali itamfuata, tena yenye mabega mapana!

Jumanne, 5 Agosti

Obare amekubali! Osiri, kijiji cha wachimba dhahabu alichokuwa anakifikiria kwanza, wataenda wiki ijayo.

Nimefunga mkoba wa Wesley: chandarua, buti za mpira, picha yetu ya harusi. Muuguzi mwenzake, Mourine, akauliza, "Bibi harusi, hiyo picha inatibu malaria?" Simpendi. Anamwita mume wangu "Wes".

Wesley aliniuliza kama nimemfikiria Mama. Nikamwambia simfikirii mwingine! Akacheka kidogo, akakuna kichwa. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 7 Agosti, Magunga

Aibu!

Wesley alikuwa mezani na mashine ya presha, anang'aa. Mama akaja amevaa nguo za kanisani. Akamwona. Akajifunika kitambaa usoni, akageuka, akakimbia. Mtu wa kizunguzungu!

Nikamkuta jikoni nyuma ya magunia. "Nyathina, mwanangu, unataka mkwe anishike mkono mbele ya kanisa zima?"

Mimi, mtoto wa Magunga, nimesahau! Mkwe na mama mkwe huku hawapeani hata mkono wa salamu, nami nimepanga amfunge mkono kwa mashine. Mapenzi yanapofusha.

Sikukata tamaa. Nikamfunika Mama leso gubigubi, nikampeleka mezani kama jirani yetu Nyasuguta. Wesley akatazama viatu vya Mama. Alimnunulia mwenyewe, zawadi ya siku ya kuja kuniposa. Akasimama, akakazia macho dari, akatoka kinyumenyume. Nyasuguta halisi, aliyekuwa kwenye foleni, akauliza kwa sauti, "Kwani mimi ni wawili?" Watu walicheka hadi wagonjwa wakapona.

Mama akaenda nyumbani kwa hasira. Nilipomfikia alikuwa ameketi chini, ameshika kichwa. Hapo nikaogopa kweli. Ujanja wangu wote, na bado hajapimwa.

Mourine alikuwa nyuma yangu na mashine. Hakuna aliyemtuma. Akapiga magoti vumbini, akampima. Uso ukambadilika. Akanong'ona kwamba presha ile ingemwangusha Mama wakati wowote, na safari hiyo asingeinuka. Akampa dawa. Akaagiza apimwe tena kabla ya mwisho wa mwezi.

Wesley alisimama nje ya ua, ametupa mgongo, akaiambia barabara, "Mwambieni Mama asiruke dawa ya jioni."

Mama akauambia ukuta, "Mwambieni mkwe nimesikia. Na amekonda. Huko Migori anakula nini?"

Nililia. Nikamkumbatia Mourine. Akasema namkaba shingo.

Ijumaa, 8 Agosti, Migori

Nimewaza siku nzima. Mama yuko hai kwa sababu ya mtu niliyemchukia bure, na mume wangu alimheshimu Mama kuliko mimi mwanawe. Somo kubwa. Nimelielewa.

Kosa lilikuwa viatu.

Safari ijayo Mama atavaa ndala. Wesley atavaa barakoa, miwani nyeusi na kofia ya Obare. Hawatajuana kamwe! Sijamwambia yeyote.

Nimempigia Mama simu: kabla mwezi haujaisha, tunakuja kukuona! Akauliza, "Wewe na nani?"

Nikasema mtandao unakatika. Lakini tunakuja!