Pingu za Kufungia Baiskeli

Redio ya Kulthumu, muuza kahawa, ilitangaza mara mbili, kwa Kirundi kisha kwa Kiswahili: wanaoishi pamoja bila ndoa ya sheria waende ofisi ya commune wakajiandikishe, mume, mke na shahidi, na mwisho ni leo. Kwenye benchi lake, mtaani Nyamugari, macho yote yakamgeukia Houssein, fundi makufuli, waliyembandika jina la Dokta Funguo.

Houssein akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Alikuwa na Zuena kwa miaka kumi na miwili, na watoto watatu. Asubuhi hiyo Zuena alikuwa amemwambia: leo commune, au leo Mwakiro, huko Muyinga, kwa mama.

"Dokta, redio inakutafuta," akasema Léonard, Mkongomani wa Uvira, mchuuzi wa vyuma chakavu. Wenyewe walimwita Kilo.

"Mi siogopi, mi nahesabu," akajibu Houssein. "Watu wakiachana, wanaita nani kubadilisha kufuli ya nyumba? Wanaita mi. Na wote waliniita walipita commune. Wale wanakaa tu, hata mmoja hajaniita. Donc, maana yake nini?"

"Donc hawana kufuli," akasema Kulthumu, akimwongezea kahawa.

"Ndoa ya commune ni pingu," Houssein akakata shauri.

Abubakari akakohoa. Alikulia Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, ndiyo maana wakamwita Kamusi. "Pingu si ya polisi peke yake, ndugu yangu. Bibi yangu Ujiji alinivisha pingu shingoni nikiwa mchanga. Hirizi ndogo ya kitambaa, dua imeshonewa ndani. Ilikuwa ya kunikinga."

"Kukukinga na nini?" akauliza Léonard. "Maana mdomo ulipita."

Hapo Léonard akatoa kifurushi mfukoni. Ndani mlikuwa na pingu zenyewe, za chuma, zenye kutu. "Mi nazo zangu ni za baiskeli. Nimezipata Muyinga, sokoni, katika vyuma. Gurudumu huku, nguzo huku, mwizi anabaki na huzuni. Tatizo iko moja, ufunguo hakuna. Unichongee."

"Ufunguo wa nini? Hii ni kufuli ya watoto." Houssein akajivika upande mmoja, ta. "Lete mkono, Kilo."

"Mkono wangu wa nini?"

"We leta." Ta. "Sasa, Kulthumu, niazime pini ya ushungi."

Houssein alianza kazi akipiga mluzi. Mluzi ukapungua, ukakatika, na pini nayo ikakatika, nusu yake ikabaki ndani ya tundu. Akajaribu kwa ukucha.

"Mganga hajigangi," akasema Abubakari.

"Mfuko wa vyombo uko nyumbani. Nenda, Kamusi, mwambie Zuena akupe."

Abubakari alirudi mikono mitupu. Nyuma yake alikuwa Zuena, mkono mmoja ameshika mfuko wa vyombo, mwingine mzigo uliofungwa kwa kitenge. Houssein aliutazama ule mzigo zaidi kuliko alivyoutazama mfuko. Kitenge kile ndicho alichompa siku mtoto wa kwanza alipozaliwa.

Zuena aliwasalimia wote kwa heshima, akatua mfuko miguuni pa Houssein. "Vyombo hivyo, baba Pili. Gari ya Muyinga inajaa, sitakaa. Watoto watanifuata likizo."

 

"Ngoja nijifungue kwanza, tuongee."

"Kujifungua kutachukua muda gani?"

Houssein alikuwa fundi, na fundi haongopi juu ya kufuli. Akainama akachungulia tundu. "Pini imevunjikia ndani. Mpaka adhuhuri."

"Adhuhuri commune wamefunga daftari," akasema Zuena, "na mi niko njiani." Akaupandisha mzigo kichwani.

Houssein akahesabu tena, kama kawaida yake. Akifungua, atakuwa na mikono miwili na nyumba tupu. Makufuli ya nyumba tupu alikuwa ameyabadilisha mengi, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumshukuru. Akausukuma mfuko kwa mguu hadi chini ya meza ya Kulthumu.

"Niwekee, dada. Kilo, simama twende commune."

"Mais, lakini mi huko naenda ya nini? Mi nilishaoa, bibi yangu yuko Uvira."

"Shahidi anatakiwa," akasema Zuena, akiushusha mzigo kichwani na kumtwika Léonard kwenye mkono ulio huru. "Na wewe huwezi kuchelewa."

Wakapanda barabara, Zuena mbele, wanaume wawili nyuma wakikanyagana. Karibu na soko, mama mmoja muuza ndizi akatua kikapu chake, akawatazama, akampisha Zuena kwa adabu anayopewa askari.

"Hawa wamekosa nini, afande?"

"Huyu, kosa la miaka kumi na miwili," akasema Zuena bila kupunguza mwendo. "Yule ni shahidi."