Hadubini za Kuazima

Dalali Geng Baolu aliposikia wakaguzi wa mkoa wanakuja kutazama maabara ya jiolojia ya chuo, aliacha bakuli la tambi kabla halijaisha. Kwake, kuacha chakula kwa ajili ya biashara ilikuwa ni sala. Maabara ile aliijua: hadubini moja kipofu, kabati la mawe yaliyolala vumbini, na msumeno mmoja wa kukatia mawe, wenye meno ya almasi. Pesa za vifaa vingine? Qiu, mkuu wa idara, alikuwa amezijengea ghorofa. Wakubwa hawali mawe, ila pesa ya kununulia mawe wanaila vizuri sana.

"Mkuu, wakikuta meza tupu, idara inafungwa na wewe unafungwa," Geng alisema, akimmiminia chai. "Mimi nakujazia chumba. Wakiondoka tu, nabeba vyangu."

"Hadubini ziwe zinaona, Geng. Usiniletee makopo."

"Utaona mpaka dhambi za babu yako!"

Geng akakodi hadubini dukani, akaweka rehani gari lake la mizigo, ambalo ndilo lililokuwa shamba lake na ng'ombe wake. Hakuhofu. Wakati wa kuzitoa, msumeno nao ungejisahau ndani ya mablanketi. Kule soko la jade, yale mawe ya kijani ya thamani, ambako watu hununua jiwe zima bila kujua tumboni lina nini, wangeugombania kama bibi harusi.

Asubuhi ya ukaguzi Qiu mwenyewe alibandika vibandiko vyekundu kila mahali: Mali ya Chuo.

"Mapambo ya wakaguzi tu, ndugu yangu," alisema, akimpigapiga Geng mgongoni.

Wakaguzi walichungulia, wakaguna kisomi, wakaenda kula bata. Geng akasukuma mkokoteni uliofunikwa mablanketi mbio hadi getini.

"Funua," alisema mzee Tan, mlinzi.

"Vyangu hivi, mzee wangu," Geng alisema, akifunua upande wa hadubini tu.

"Vyako, na vimebandikwa? Hapa kilichobandikwa hakitoki hata kikifa."

Geng akakwangua kwa kucha. Gundi ya serikali, siku hiyo tu, ilikuwa imara. Qiu akatokea akichokonoa meno.

"Mkuu, mwambie mzee!"

Qiu akainua blanketi la upande wa pili. "Na msumeno wetu pia? Niite polisi, au turudishe vyote kimyakimya?"

Mwizi atampigiaje mwizi kelele? Hadubini zikarudi ndani, na gari likabaki kwa mwenye duka. Geng akageuka aende zake kwa miguu.

"Simama!" Tan akamshika kola. "Mgongoni una kibandiko. Na wewe hutoki."